Probox ya mpwangu: sabufa mbili, amplifaya moja

Jumamosi, baada ya magharibi

Mpwangu kaja na amplifaya ndani ya mfuko, kaishika mbali na kanzu kama mtu aliyeuziwa samaki wa juzi. "Shikamoo mjomba." Marahaba. Sikuuliza kilichomleta. Harufu ya umeme ulioungua ilimtangulia mlangoni.

Nimeifungua benchini. Transista za kutoa nguvu za upande mmoja zimepasuka, mbili zina matundu, na bodi chini yake imegeuka rangi ya kahawa tungu. Kuitengeneza ni kutupa pesa. Nitaiweka kwa vipuri, maana zile koili nene na kapasita bado nzima.

Gari ni Probox. Siku za kazi hubeba abiria Malindi na Mambrui, mwisho wa wiki hukodiwa harusini: mlango wa nyuma unainuliwa, muziki wa chakacha unawekwa, na gari linakuwa bendi nzima. Sabufa, zile spika kubwa za besi, ni mbili za inchi 12, za mitumba kutoka Mombasa. Aliyezifunga mara ya kwanza alimwambia ataziunga zote pamoja "zipate nguvu yote". Zikapata. Amplifaya ikaishi siku tisa.

Gari nimelibakiza hapa kwangu, mtaa wa Barani, Malindi. Naandika kila hatua, kwa sababu kazi kama hii niliwahi kuifanya kwa kukisia miaka ya nyuma na nikamlipa mwenye gari spika zake.

Jumapili

Leo ni kupima tu. Sijagusa bisibisi ila kuzitoa sabufa kwenye boksi bovu zilimokuwa.

Kila sabufa ina koili mbili (mizunguko ya waya inayosukuma spika), kwa hiyo vichwa vinne vya kuungia waya. Nyuma ya sumaku imeandikwa koili mbili za omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), wati 250 RMS, yaani nguvu inayoihimili mfululizo. Nimegusanisha kwanza ncha za mita zenyewe kwa zenyewe: 0.2. Hiyo ni ya nyaya za mita, naitoa kila ninaposoma. Kisha koili moja moja: 3.5, 3.6, 3.5, 3.5. Mpwangu akaruka: "Mjomba, si zimeandikwa nne? Zimekwisha hizi!" Hazijakwisha. Mita inapima waya wa koili kwa umeme wa moja kwa moja, na ile 4 ni hesabu ya kiwandani ya koili ikiwa kazini, muziki ukipita. Koili ya omu 4 ikisoma kati ya 3.2 na 3.8 iko salama. Ikisoma moja na nusu, ujue waya umeungua ngozi na mizunguko imegusana. Isiposoma kitu, imekatika.

Kisha nimeweka vidole vya mikono miwili kuzunguka pia, ile koni ya mbele ya sabufa, na kusukuma ndani taratibu, sikio karibu. Koili iliyovimba kwa joto hukwaruza. Moja ilikuwa kimya, ya pili ikatoa sauti ya mchanga, na kweli ulikuwa mchanga. Nimeigeuza, nikaipigapiga mgongoni, ukamwagika kidogo kwenye gazeti. Gari la pwani hilo.

Sasa hesabu, nyuma ya karatasi ya mahamri. Koili nne za omu 4. Zikiungwa zote sambamba, chanya zote pamoja na hasi zote pamoja, nne gawa kwa nne: omu 1. Zikiungwa zote kwa mfuatano, moja nyuma ya nyingine: omu 16. Ukiunga mbili za kila sabufa kwa mfuatano unapata 8 na 8, kisha 8 mbili sambamba: omu 4. Ukianza na sambamba halafu ukamalizia na mfuatano, 2 na 2: omu 4 tena. Amplifaya iliyoungua imeandikwa ubavuni kwamba mwisho wake chini ni omu 2. Fundi wa kwanza aliipa 1. Omu zikipungua nusu, mkondo unaotakiwa unaongezeka maradufu, na transista ziliombwa ampia ambazo hazikuumbwa kuzitoa.

Nimegeuza karatasi, nikajaribu kila njia, nikatafuta omu 2. Haipo. Sabufa mbili za koili mbili za omu 4 zinakupa 1, 4 au 16. Hapo ndipo watu wengi huungua: wananunua vitu viwili vizuri ambavyo havina mahali pa kukutana, halafu wanakwenda kwenye 1 kwa kuwa 4 inaonekana ndogo.

Jumatatu

Mabishano ya siku nzima, na mengine ya simu usiku.

Amplifaya ya aina ileile inatoa wati 300 kwa omu 4 na wati 500 kwa omu 2. Mpwangu anaziona zile 200 zinazobaki kama pesa alizoporwa. Nimemweleza hivi: kutoka wati 300 hadi 500 ni desibeli 2 na kidogo (desibeli hupima ukali wa sauti). Sikio lihisi sauti imekuwa mara mbili, linataka kama desibeli 10, ambazo ni wati mara kumi. Kwa hiyo tofauti anayoililia ni ile ya mtu kusogea kiti kimoja mbele.

Akaja na fikra ya pili: tufunge sabufa moja tu, koili zake sambamba, tupate omu 2 na wati 500 zote. Hesabu ya omu ni sahihi. Lakini sabufa ni ya 250, na tunampa kijana huyu kitufe cha sauti harusini saa sita usiku. Hapana. Tena sabufa mbili zinazogawana wati 300 zinasukuma hewa vizuri kuliko moja inayobeba mzigo huo peke yake, na kila moja inapata 150, ina nafasi ya kupumua.

Ya tatu: tununue amplifaya inayokubali omu 1, ya wati elfu moja. Hiyo ikipiga kwa nguvu zake zote itavuta karibu ampia 100 kwenye betri, na altaneta ya Probox, inayochaji betri, ina taa, feni na injini za kulisha pia. Na sabufa zenyewe jumla yake ni 500. Hapo akanyamaza, akaniuliza kama nimekula.

Dukani muuzaji alinionyesha boksi lenye maandishi makubwa: wati 3000. Nimeitoa amplifaya, nikaigeuza, nikasoma fyuzi zake: mbili za ampia 25. Ampia 50 mara volti 14 ni wati 700 zinazoingia. Sehemu inageuka joto, maana hata hizi za daraja D, aina isiyopoteza umeme mwingi, huhifadhi kama asilimia 80 tu. Zinabaki kama 560. Sasa hizo 3000 zinatoka wapi? Kwa mchoraji wa boksi. Lakini karatasi ya ndani ilisema 300 na 500 RMS, fyuzi zinakubaliana nayo, basi nimenunua. Mimi fyuzi huziamini kuliko karatasi yoyote.

Jumanne

Nimefungua boneti nifuate waya wa zamani, na nimekuta kisa.

Kwenye kishikio cha fyuzi hakukuwa na fyuzi. Kulikuwa na kipande chake kilichokufa, kimezungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, imekunjwa vizuri mara nne. Kishikio chenyewe kilikuwa nyuma, karibu na amplifaya. Maana yake waya wote kutoka betri, chini ya zulia, chini ya miguu ya abiria, haukuwa na kinga yoyote. Ukichunika na kugusa bodi, betri inamwaga yote iliyo nayo hapo mpaka kitu kiyeyuke. Fyuzi ile kubwa inalinda waya, amplifaya ina zake. Ndiyo maana inakaa betrini, ndani ya shubiri mbili kutoka kwenye kichwa cha betri.

Waya nao: mnene kama kidole gumba kwa nje, mwekundu, unang'aa. Nimeukata. Plastiki ilikuwa zaidi ya nusu ya unene. Nyuzi za ndani zina rangi ya shaba, nikazikwangua kwa kisu, chini yake nyeupe. Aluminiamu iliyopakwa shaba. Inapitisha umeme, lakini kwa unene uleule ni kama theluthi mbili tu ya shaba halisi, na kwa hewa yetu ya chumvi ikishapata mkwaruzo hufanya unga mweupe kwenye vichwa. Unga huo ulikuwepo tayari.

Badala yake nimechukua waya wa mashine ya kulehemu, milimita mraba 25, mita tano na nusu kutoka betri hadi buti. Nao nimeukwangua kabla ya kulipa, muuzaji akacheka. Ni shaba mpaka moyoni, nyuzi laini kama nywele, unapinda bila kuvunjika. Kwa ampia 30 unapoteza kama sehemu ya kumi ya volti moja njiani. Ngozi yake ya raba haipendi mafuta ya injini, kwa hiyo chini ya boneti nimeuvisha bomba la plastiki lenye mikunjo, na pale unapopenya ukuta wa injini nimeweka raba ili bati lisiukate.

Fyuzi ya betrini: ampia 60. Zile za amplifaya ni 50 jumla, na waya unabeba zaidi ya 60 bila jasho.

Waya wa hasi ulikuwa umefungwa kwenye skrubu ya kushikia plastiki ya ubavuni, iliyoingia kwenye bati lenye rangi na kutu. Nimetafuta bati nene karibu na gurudumu la nyuma, nimelipiga msasa mpaka likang'aa kama sufuria mpya, bolti, washa ya meno, nati, kisha grisi juu ya kila kitu. Bolti za mkanda wa usalama sikuzigusa, na asiziguse mtu.

Jumatano na Alhamisi

Boksi. Seremala alitaka kutumia MDF, mbao za unga wa miti ulioshindiliwa kwa gundi, kwa kuwa ndiyo wanayotumia Nairobi. Hapa MDF ikinyonya unyevu wa masika huvimba kingo kama mkate. Tumetumia plaiwudi ya majini ya milimita 18, mabaki ya mtu anayetengeneza mashua za kitalii. Ndani sentimita 82 kwa 36 kwa 20, ukuta katikati, kila chumba karibu lita 28. Boksi nimelifunga kabisa, bila tundu la hewa. Boksi la tundu lingepiga kwa kelele zaidi kwa wati zilezile, lakini besi ya bango, muziki wetu wa pwani, ni gitaa, kila noti inataka ianze na ikome, na waya mzito wa gitaa la besi uko kwenye hezi 41, yaani mitikisiko 41 kwa sekunde. Boksi lililofungwa linaishika noti hiyo vizuri, na hewa ya ndani inaizuia pia ya sabufa isiruke kupita kiasi. Silikoni kwenye kila kiungo, tukaliacha siku nzima likauke kabla ya kutia sabufa.

Ijumaa, baada ya sala

Siku ya aibu yangu.

Nimeunga koili za kila sabufa kwa mfuatano: chanya ya kwanza nje, hasi ya kwanza kwenye chanya ya pili, hasi ya pili nje. Kisha sabufa mbili sambamba. Mita kwenye ncha za mwisho: 3.5. Vizuri kabisa. Mpwangu amesimama, binamu zake wawili wamesimama, mtoto wa jirani kapanda tofali aone. Nikawasha, sauti ya chini tu.

Besi nyepesi, kama redio ya jikoni. Nikaongeza kidogo. Sabufa ya kulia inacheza, ya kushoto imekaa inatuangalia. Mmoja wa binamu akasema "ile imekufa". Nikazima.

Imekufaje, na mita imesoma sawa? Nikatoa betri ya saa ya ukutani, volti 1 na nusu, nikakata waya za sabufa kutoka kwenye amplifaya na kutoka kwa mwenzake, nikagusa. Ya kulia: pia ikaruka nje, tup. Ya kushoto: haikutikisika. Nikaitoa kwenye boksi. Ile waya fupi ya kuunganisha koili nilikuwa nimeichomeka hasi kwa hasi. Koili moja inasukuma, ya pili inavuta, kwa nguvu sawasawa. Mita haijui mwelekeo. Inahesabu waya tu, na waya ulikuwa uleule.

Na haikuwa kosa la kuchekesha tu. Pia ya sabufa ikisimama, koili hazipati upepo wa mwendo wake, na umeme wote unaoingia unakuwa joto. Ningeongeza sauti kwa hasira, kama afanyavyo mtu yeyote besi ikikosekana, ningezichoma mbele ya mashahidi wanne.

Nimebadilisha, nikarudia betri ya saa: zote mbili zinaruka nje. Nimepaka rangi nyekundu vichwa vyote vya chanya. Kuanzia leo betri ya saa inakuja kabla ya amplifaya, sio baada.

Amplifaya nimeifunga kwenye ubao mgongoni mwa kiti cha nyuma, vidole vitatu kutoka kwenye kiti ili hewa ipite. Si juu ya boksi, mtikisiko utalegeza viungo vyake. Si chini ya zulia, gari likishinda juani huku Malindi ndani ni tanuri hata kabla ya muziki.

Jumamosi asubuhi

Kurekebisha geini. Kitufe hiki watu wanakidhani ni cha sauti. Kazi yake ni kulinganisha redio na amplifaya, wakubaliane mwisho wa mmoja ndio mwisho wa mwingine. Ukikizungusha hadi mwisho, amplifaya inafika kikomo redio ikiwa nusu, na kuanzia hapo vilele vya mawimbi vinakatwa bapa. Wimbi lililokatwa likawa mraba hubeba nguvu mara mbili ya wimbi laini la urefu uleule. Kwa hiyo amplifaya ya wati 300 inaweza kuchoma sabufa ambayo kwenye karatasi inaihimili.

Sabufa nimezitenganisha. Vitufe vya kuongeza besi vyote sufuri, vya redio na vya amplifaya. Kichujio nimekiweka hezi 80, chini ya hapo ndio kwa sabufa, juu ni kwa milango. Injini inawaka. Nimepiga mlio mtupu wa hezi 50 kutoka kwenye flashi, redio nimeipandisha hadi 30 kati ya 40, maana juu ya hapo redio hii yenyewe huanza kukwaruza. Mita kwenye volti za umeme geu, ncha zake kwenye vituo vya spika.

Lengo: wati 300 mara omu 4 ni 1200, kipeuo chake cha pili ni volti 34.6. Nimeanzia sufuri nikizungusha kwa bisibisi ndogo, 12, 19, 27, nikasimama 31. Hiyo ni wati 240, 120 kwa kila sabufa. Mpwangu: "Mjomba, bado tatu na nusu." Nimemwambia hizo ni za harusi, mtu akikuomba uongeze uwe na cha kuongeza bila kuvuka.

Halafu nimechukua rangi ya kucha ya mke wangu, nikachora mstari mwembamba kutoka kwenye kitufe cha geini hadi kwenye bodi ya amplifaya. Nikamwonyesha. Akatabasamu.

Tumerudisha sabufa, tukapiga nusu saa mfululizo. Betri bila muziki volti 14.1, muziki na taa kubwa pamoja 13.5. Zamani, anasema, taa zilikuwa zinakonyeza kwa kila pigo. Mita kati ya hasi ya amplifaya na hasi ya betri: volti 0.06. Kiganja juu ya amplifaya: joto la kikombe cha chai kilichopoa, nimehesabu ishirini bila kukitoa. Fyuzi ya betrini ni vuguvugu tu.

Jirani alitokea mara moja dirishani. Nikapunguza. Kanuni za kelele zinakataza kelele inayosumbua watu, lakini sikuhitaji NEMA, mamlaka ya mazingira, jicho lake lilitosha.

Jumatatu

Harusi ya Mambrui ilikuwa jana. Mpwangu karudi gari lina vumbi, sauti imemkauka kwa kuimba, ana sinia la pilau kutoka kwa dada yangu. Walipiga kuanzia baada ya isha mpaka saa nane usiku. Hakuna kilichozima, hakuna harufu.

Nimeinua mlango wa nyuma kukagua. Nati ya hasi haijalegea. Koili baridi zinasoma 3.5 jumla, kama Ijumaa. Nikamulika tochi kwenye geini. Mstari wa rangi ya kucha umekatika katikati, kipande cha kitufe kimesogea kulia, kama dakika tano kwenye uso wa saa.

Nikamtazama. Akawa anafunua pilau. Nikachukua bisibisi ndogo.